Mlete Mtoto wa Gredi ya 9! Siku ya Milango Wazi Chuoni Embu kwa Macho ya Mtu wa Siakago

Nitoe hukumu yangu mapema, maana furaha hii hainipi subira: mzazi wa Siakago akiniuliza leo amfanyie nini mtoto wake wa Gredi ya 9, nitamwambia ampeleke Chuo Kikuu cha Embu siku ya milango wazi, amwache ashinde huko mpaka jua litue. Nimeiona siku hiyo kwa mara ya kwanza, nimezunguka mpaka miguu ikagoma, na bado kuna mahema sikuyafikia! Ngoma zinarindima huku, udongo unapimwa kule, ukumbini vijana wanapambana kwa hoja, chini ya hema jeupe watu wanatoa damu, na uwanjani raga imepamba moto. Yote hayo ndani ya ua mmoja, kati ya asubuhi na magharibi.

Wazazi wenzangu, mnajua kwa nini ninapiga kelele hivi. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari pevu, na tangu hapo kila nyumba yenye mtoto wa Gredi ya 9 ina swali mezani. Mikondo ni mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati; Sayansi za Jamii; na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mtoto wa miaka 14 au 15 anatakiwa achague. Achague kwa kuona nini? Hapa kwetu amemwona mwalimu, muuguzi, askari, karani wa mahakama ya Siakago, dereva wa Probox na mfanyabiashara wa muguka. Hao wote ni watu wa maana, lakini ulimwengu una kazi nyingi kuliko hizo. Na sisi wazazi tunashauri kwa uvumi wa sokoni: mkondo huu una kazi, ule hauna. Siku ya milango wazi inaufuta uvumi huo kwa kumweka mtoto mbele ya kitu chenyewe.

Safari na mahali penyewe

Kutoka Siakago hadi mjini Embu ni kilomita zipatazo 25, na barabara inapanda. Migunga na miembe ya kwetu inabaki nyuma, migomba na mibuni inaanza, hewa inapoa. Chuo kiko kwenye barabara ya Embu kwenda Meru, upande huu wa Mlima Kenya, na asubuhi isiyo na mawingu vilele vinaonekana wazi, kile cha juu kabisa kikiwa na mita 5,199.

Mahali hapa pana historia inayotuhusu. Mwaka wa 1947 palianza kama chuo cha kufunza watumishi wa kilimo. Kwa miongo mingi, maafisa wa kilimo waliokuja kwa wazazi wetu na daftari na kipimio walitoka katika vyuo vya namna hii. Mwaka wa 2011 pakawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na tarehe 7 Oktoba 2016 pakapata hati ya kujitegemea. Kumbukeni kwamba mwaka wa 1970 Kenya nzima ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu, Nairobi. Leo mtoto wa kwetu Mbeere anapanda gari asubuhi, anaona chuo kikuu siku nzima, na usiku analala kitandani kwake. Hili ni jambo kubwa!

Asubuhi: udongo, maji na majani

Nilianzia upande wa kilimo na sayansi, na hapo hapo nikanaswa. Wanafunzi wameweka trei mbili za udongo kwenye meza iliyoinama kidogo. Moja iko tupu, nyingine imefunikwa mabua. Binti wa mwaka wa tatu anamwaga maji kwa kopo la kunyunyizia, kiasi kilekile kwa kila trei. Kutoka trei tupu linatiririka tope jekundu, la rangi ileile ya mitaro ya Siakago mvua ya Novemba inapopiga. Kutoka ile ya mabua yanadondoka maji machache, karibu meupe. Watoto walipiga kelele! Maelezo ya darasani kuhusu mmomonyoko wa udongo hayangeweza kufanya kazi iliyofanywa na kopo lile.

Kando yake kuna mashimo ya zai, yamechimbwa ardhini hasa ili uingize mkono. Kipimo cha asili ni sentimita 20 hadi 40 kwa upana na 10 hadi 20 kwenda chini. Unatia samadi, unangoja mvua, na maji yaliyokuwa yakikimbia yanatulia shinani. Mbinu hii ilitoka kaskazini mwa Burkina Faso, ambako mkulima Yacouba Sawadogo alifufua ardhi iliyokuwa imekufa na mwaka wa 2018 akapewa Tuzo ya Right Livelihood. Mtu wa kijiji, jembe mkononi, akaheshimiwa na dunia nzima! Nani atamwambia tena mtoto wa kwetu Nthawa au Muminji kwamba nchi kavu haina elimu ndani yake?

Kisha likaja jambo ambalo limenikaa kichwani: majani ya kaliandra. Miaka ya 1990 utafiti uliofanyika hapahapa Embu, pamoja na wakulima wenyewe, ulionyesha kwamba kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra zinaweza kufanya kazi ya kilo 1 ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa. Kijana anayeeleza haya ana mizani, ana matawi, na ana ulimi mtamu. Anakupa tawi ushike, anakuuliza una ng'ombe wangapi, anakupigia hesabu ya mwezi papo hapo. Nilipomsikiliza niligundua kwamba mkondo wake ni sayansi, lakini kilichotusimamisha pale ni usimulizi. Bila lugha yake, mizani ile ingebaki mizani tu.

Na shosho mmoja wa kwetu, leso kiunoni, alisimama mbele ya meza ya mbegu, ndengu hizi, kunde hizi, mawele haya, akawaeleza wanafunzi jinsi mama yake alivyohifadhi kunde kwa majivu ili fukusi wasizitoboe. Waliandika! Walimwomba arudie kipimo cha majivu kwa debe. Mhadhiri aliyekuwa karibu aliwaelezea sababu: majivu yanajaza nafasi kati ya punje, na vumbi lake linakausha wadudu. Shosho akaitikia kwa kichwa kama mwalimu aliyeridhika na mwanafunzi wake. Nilitamani Siakago nzima ingekuwa pale.

Hema jeupe

Msipite hema la kutoa damu! Wengi hulikwepa kwa hofu ya sindano, na hapo ndipo mtoto anapojifunza mengi kwa muda mfupi. Painti moja ni mililita 450 hivi. Ikipelekwa maabara inaweza kutenganishwa, seli nyekundu mbali, chembe za kugandisha damu mbali, utegili mbali, ili ifae wagonjwa zaidi ya mmoja. Chembe za kugandisha hudumu siku 5 tu, ndiyo maana haja ya watoaji haiishi. Na Embu tuna bahati: kituo cha kanda cha damu kiko mjini humu humu, mojawapo ya vichache vya ngazi hiyo nchini.

Watoto wa Gredi ya 9 hawatoi damu, umri wao haujafika, lakini wanaruhusiwa kuuliza. Nilisikia maswali ya kila aina: kwa nini mwenye kundi la O hasi anaitwa haraka, kwa nini unapimwa uzito kwanza, kwa nini unapewa soda baadaye. Muuguzi alijibu moja baada ya jingine bila kuchoka. Msichana mmoja aliyevaa sare alisimama hapo muda mrefu sana, wenzake wakaondoka, yeye akabaki. Nilimwona na nikamweka akilini.

Adhuhuri: mdahalo uliotuhusu

Halafu ukumbini! Nilidhani mdahalo ungekuwa wa mambo ya mbali. Hoja ilikuwa muguka, jani letu la kutafuna! Mnakumbuka Mei 2024, Kaunti ya Mombasa ilipopiga marufuku muguka, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, na huku kwetu magunia yakakosa pa kwenda. Mnakumbuka serikali ya taifa ilivyosema zao hilo linatambuliwa na sheria ya mazao ya mwaka wa 2013, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku ile. Nyumba nyingi za Mbeere zimelipa karo kwa jani hilo. Na wazazi wa Pwani nao walikuwa na uchungu wa kweli juu ya watoto wao.

Vijana walilibeba jambo hili kwa heshima iliyonisisimua. Upande mmoja ulizungumzia kipato cha mkulima na mipaka ya mamlaka ya kaunti chini ya Katiba ya 2010. Upande wa pili ulizungumzia afya ya vijana, usingizi, shule. Hakuna aliyemtukana mwenzake. Msemaji akizidisha muda, kengele inagongwa na anakaa. Mpinzani akitaka kuuliza, anasimama, anangoja aruhusiwe. Kisha mwamuzi akaeleza kwa nini upande fulani ulishinda: ulijibu hoja ya mwenzake kabla ya kuleta yake.

Hapo ndipo nilipoelewa Sayansi za Jamii ni nini. Kwa saa moja nilisikia sheria, uchumi, siasa, historia na afya ya jamii zikifanya kazi pamoja juu ya jani linaloota nyuma ya nyumba yangu. Mzazi anayesema mkondo huu ni wa watoto walioshindwa na hesabu angekaa nami kwenye kiti kile angenyamaza. Wale vijana walikuwa na takwimu vidoleni!

Alasiri: ngoma, jukwaa na sahani

Sasa nivute pumzi, maana alasiri ndiyo iliyonimaliza kabisa.

Kwanza ngoma. Wachezaji walipiga kwa mtindo wa Chuka: ngoma ndefu imebanwa katikati ya miguu, imeinamishwa mbele, mikono inapiga huku mabega na nyonga zikitikisika. Mdundo unaingia kifuani kabla haujafika masikioni. Kabla ya kuanza, waliziweka ngoma juani, ngozi ikakaza, wakazigonga kujaribu sauti, wakazirudisha juani tena. Mwanafunzi wa fizikia aliyekuwa kando yangu alimweleza mdogo wake: ngozi ikikauka inavutika, ikivutika sauti inapanda. Mbele ya ngoma moja tu mikondo miwili ilikuwa imeshikana mikono!

Wakafuata wanafunzi wa kutoka magharibi na isukuti yao: ngoma tatu kwa pamoja, kubwa ikiwa baba, ya kati mama, ndogo mtoto, na pembe ikilia juu yake. Mwaka wa 2014 UNESCO iliiingiza isukuti ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Kuiona ikipigwa na vijana wa miaka 20, mbali na Kakamega, mbele ya Wambeere wanaopiga makofi kwa mdundo uleule, kulinifanya nicheke kwa furaha peke yangu.

Kisha maigizo na mashairi. Tamasha la kitaifa la drama na filamu nchini hupokea watoto wadogo mpaka vyuo vikuu, na hapa unaona kwa nini ngazi ya chuo ina uzito wake: kikundi cha watu wachache, benchi moja, shuka moja, na ukumbi mzima unashikilia pumzi. Anayedhani jukwaa la chuo ni mchezo wa kupitisha muda akumbuke kwamba Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa mwanafunzi wa Makerere igizo lake The Black Hermit lilipooneshwa Kampala mwaka wa 1962. Miaka sitini baadaye dunia bado ilikuwa ikimsoma, na ilimlilia alipofariki Mei 2025. Washairi wa Kiswahili nao walinikosha. Mmoja alighani shairi lake juu ya mto uliokauka kwa sauti ya chini mno, na hakuna aliyekohoa. Kumbe wapo vijana wanaofuata lugha hii hadi digrii, na wana chama cha Afrika Mashariki nzima, CHAWAKAMA, kinachowakutanisha wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu kuvuka mipaka!

Na chakula! Meza ya tamaduni ilikuwa na muthokoi laini, mukimo wa kijani, ugali wa mtama, samaki wa kukaanga, mahamri, uji wa mawele uliochachuka vizuri. Wanafunzi wa sayansi ya lishe walikuwa wanaeleza kila sahani ina nini ndani yake. Nilipoona vijana wa mjini wakipanga foleni kwa uji wa mawele, chakula ambacho watoto wetu wengine wanakionea haya mbele ya mkate, niliinua kichwa juu.

Jioni: uwanjani

Raga ya wachezaji saba kila upande ni mchezo wa watu wenye haraka: dakika 7, mapumziko mafupi, dakika 7 nyingine, basi. Kasi yake ukiwa kando ya mstari inatisha na kupendeza kwa pamoja. Nchi hii inaujua utamu wake; tarehe 17 Aprili 2016 Kenya iliifunga Fiji 30 kwa 7 katika fainali ya Singapore. Upande wa pili wa uwanja wasichana walikuwa kwenye voliboli, na kila mpira ukipigwa chini kwa nguvu, watazamaji wanaliita jina la Malkia Strikers, timu yetu ya taifa iliyofika Olimpiki za Tokyo na Paris.

Lakini kilichonivuta zaidi kilikuwa nje ya mistari. Kijana anapima mapigo ya moyo ya wachezaji na kuyaandika. Mwingine anafunga kifundo cha mguu kwa bendeji na kumweleza mchezaji atumie barafu kwa muda gani. Mwingine ana kamera, mwingine anatangaza mechi kwa Kiswahili safi kinachokimbia na mpira. Huo ndio mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo ukiwa hai: kwa kila anayecheza kuna kazi kadhaa zimemzunguka, na hakuna hata moja niliyowahi kuisikia ikitajwa katika mkutano wa wazazi.

Ni siku ya nani, na uifaidije

Ni ya watoto wa Gredi ya 8 na 9 kwanza kabisa. Ni ya wale wa sekondari wanaokaribia kuchagua kozi za chuo kupitia KUCCPS, kwa sababu hapa utamuuliza anayesoma kozi hiyo, aliye ndani yake sasa, inakula saa ngapi za usiku. Ni ya wakulima, hasa wa nyanda zetu kavu. Ni ya shosho na guka, kwa sababu wana la kufundisha na kuna watu tayari kwa kalamu.

Fikeni mapema, meza za shamba na maabara huwa na utulivu asubuhi. Vaeni viatu vya kutembea. Mpeni mtoto daftari, na kila anapoongea na mwanafunzi amuulize maswali mawili: ulichagua masomo gani shuleni, na nini kilikufanya uyachague? Matukio yanagongana kwa saa, hivyo hamtaona yote. Jambo hilo lisiwaudhi, kwa sababu hapo ndipo siri ya siku hii ilipo: mtoto analazimika kuchagua pa kwenda, na miguu yake inasema kweli ambayo mdomo wake hauijui bado.

Kwa hiyo usimburute. Mfuate nyuma na uangalie anasimama wapi. Yule msichana wa sare aliyebaki kwenye hema la damu wenzake walipoondoka alikuwa ameshajibu swali ambalo fomu ya kuchagua mkondo itamuuliza. Mvulana mwingine niliyemwona mara tatu kando ya mtangazaji wa mpira, midomo ikimfuata neno kwa neno, naye alikuwa ameshajibu.

Wakuu wa shule za Siakago, Kanyuambora na Ishiara, ninawaomba: ulizeni chuoni tarehe ya siku inayofuata, kodisheni basi, tangazeni kwa wazazi sasa. Walio karibu zaidi na Chuka, na Chuo Kikuu cha Meru cha Sayansi na Teknolojia pale Nchiru, au na Tharaka, bisheni hodi huko. Ukanda huu wetu una vyuo vikuu vya kutosha, hakuna mtoto anayepaswa kuchagua mkondo gizani. Na wazazi wenzangu, fomu ile ya mikondo ikija nyumbani, iwekeni kabatini. Nendeni chuoni kwanza, kisha mrudi mkaijaze pamoja.